Kwa nini hamira haili sukari zote kwa mpigo

Kamwene dada. Swali lako limetoka kwenye beseni la unga, na jibu lake limo ndani ya jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza protini yaliyoandikwa kwenye DNA ya seli. Umeandika kutoka Mafinga, unakooka mikate na kukaanga maandazi ya kuuza, na kwa hamira ileile ya pakiti umeona mambo ambayo hayapatani. Unga wa mkate usiotiwa sukari huumuka kidogo, husimama, kisha huendelea. Unga wa maandazi wenye sukari nyingi huchelewa, ingawa kila mtu anasema hamira inapenda sukari. Ukikandia maziwa ukidhani sukari yake itasaidia, huoni tofauti yoyote. Tena shemeji yako wa Kilolo anakushauri uumulie ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, maana ulanzi unachacha wenyewe bila kutiwa kitu. Unauliza: ni nini kinachoiamulia hamira ianze na sukari ipi, na je, ulanzi utafaa?

Jibu fupi ni kwamba glukosi, sukari rahisi ambayo hamira huipendelea, ndiyo inayoamua. Hamira ina jeni za kutumia sukari za aina kadhaa, ila maadamu kuna glukosi ya kutosha, jeni za sukari nyingine huzimwa. Glukosi ikipungua huwashwa, na kuwashwa huko kunachukua muda. Muda huo ndio unaouona unga wako umesimama.

Hamira ya pakiti ni kuvu wa seli moja, Saccharomyces cerevisiae. Mwaka 1996 alikuwa wa kwanza kusomwa DNA yake yote kati ya viumbe ambao seli zao zina kiini: kromosomu 16, herufi takribani milioni 12, jeni karibu 6,000. Zimechunguzwa moja baada ya nyingine kwa miongo mingi, na zile zinazohusu sukari ni kati ya zinazofahamika vizuri kuliko zote.

Tuanze na sukari ya dukani. Kila molekuli yake ni glukosi moja na fruktosi moja zilizoshikana, na jina lake ni sukrosi. Jeni iitwayo SUC2 hutengeneza kimeng'enya (protini inayofanya kazi ya kemikali) cha invatesi, ambacho seli hukitoa nje na kukiweka kwenye ukuta wake. Huko nje ndiko sukrosi inakokatwa vipande viwili, kisha glukosi na fruktosi huingia kupitia protini zilizopachikwa kwenye utando wa seli. Jeni za protini hizo zinazopitisha sukari, familia ya HXT, ni karibu 20. Nyingine hufanya kazi sukari ikiwa tele, nyingine ikiwa haba. Ndugu zao wawili, Rgt2 na Snf3, hawapitishi sukari. Kazi yao ni kupima kilichopo nje na kupeleka habari ndani. Rgt2 huhisi sukari nyingi, Snf3 huhisi ile iliyobaki kidogo, na kwa habari hizo seli huchagua protini zipi za HXT izitoe.

Sasa twende kwenye uzimaji wenyewe, maana hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Kuna protini iitwayo Mig1. Glukosi ikiwa tele, Mig1 hukaa ndani ya kiini cha seli, imejishikiza kwenye DNA mwanzoni mwa jeni za sukari nyingine, na kuita wenzake wawili, Cyc8 na Tup1, wanaozuia jeni hizo zisinakiliwe. Glukosi ikipungua, kimeng'enya kingine, Snf1, huamka na kubandika fosfati, kipande kidogo cha kemikali, kwenye Mig1. Mig1 iliyobandikwa fosfati hutolewa nje ya kiini, na jeni zilizokuwa zimezuiwa huanza kusomwa.

Namna Snf1 ilivyopatikana inastahili kusimuliwa. Mwaka 1981 Marian Carlson, Barbara Osmond na David Botstein, wakifanya kazi Marekani, walitafuta hamira zilizopoteza uwezo wa kutumia sukrosi. Ungetarajia zote ziwe na SUC2 iliyoharibika. Baadhi zilikuwa hivyo, lakini nyingine zilikuwa na SUC2 nzima kabisa, na bado hazikutengeneza invatesi glukosi ilipopungua. Hitilafu ilikuwa kwa mwenye kutoa amri. Jeni hizo zikaitwa SNF, yaani zile ambazo zikiharibika hamira hushindwa kuchachusha sukrosi. Baadaye ikajulikana kuwa Snf1 ina ndugu yake ndani ya mwili wa binadamu, AMPK, anayehisi upungufu wa nishati kwenye seli zetu. Metformini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa kisukari wanaimeza kila siku, huamsha AMPK kama mojawapo ya njia zake za kufanya kazi. Kwa hiyo mfumo unaoamua kasi ya mkate wako una ndugu ndani ya ini lako.

Bila shaka umeshaona tatizo. Kama glukosi huzima hata SUC2, na sukrosi ikikatwa hutoa glukosi, invatesi ya kukata sukari yote unayotia inatoka wapi? Inatoka kiwandani. Huko hamira hulishwa molasi, yaani masalia mazito ya kutengeneza sukari ya miwa au ya viazisukari, nayo hutiririshwa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Haimwagwi kwa mkupuo kwa sababu sukari ikizidi, hamira huanza kutengeneza kileo hata kama hewa ipo tele, na mwenye kiwanda anataka hamira, hataki pombe. Kwa kuwa sukari haijai wakati wowote, Mig1 haipati nafasi ya kuzuia, SUC2 hubaki imewashwa, na hamira hukaushwa ikiwa na invatesi tele ukutani. Sukari unayotia kwenye unga hukatwa sehemu kubwa mapema mno, wakati mwingine kabla hujamaliza kuosha vyombo vya kukandia.

Ila sukari ya molasi ni sukrosi, glukosi na fruktosi. Maltosi, sukari nyingine tutakayoikuta kwenye unga, haimo. Hamira haikuhitaji vifaa vya maltosi siku zote ilizokaa kiwandani, na inakufikia Mafinga bila hivyo au ikiwa navyo kidogo. Nadhani hili ndilo ambalo kila mwokaji angepaswa kuambiwa na muuzaji, na haelezwi.

Maana unga wa ngano usiotiwa sukari unategemea maltosi. Sukari huru ndani yake ni kidogo, asilimia moja au mbili hivi ya uzito. Hamira huimaliza, na hapo ndipo unaona umuko wa kwanza. Wakati huohuo vimeng'enya vya ngano yenyewe vinakata wanga, hasa ule uliovunjikavunjika kinuni, na kutoa maltosi, ambayo ni glukosi mbili zilizoshikana. Maltosi inarundikana kwenye kinyunya na hamira inaiangalia tu. Ili iitumie inahitaji jeni za MAL, ambazo hukaa tatu pamoja: ya kwanza hutengeneza protini ya kupitisha maltosi kwenye utando, ya pili hutengeneza kimeng'enya cha kuikata ikishaingia, ya tatu hutengeneza protini inayowasha hizo mbili maltosi ikiwepo. Masharti ni mawili: maltosi iwepo, na glukosi iwe imepungua. Yakitimia, seli huanza kunakili jeni na kuunda protini mpya, kisha umuko wa pili unaanza. Beseni lako halikuwa na hitilafu.

Vikundi hivi vya MAL hupatikana karibu na ncha za kromosomu, mahali ambapo DNA hujirudia na kupotea kirahisi. Ndiyo maana aina moja ya hamira huwa na kikundi kimoja, nyingine vitatu, nyingine havifanyi kazi kabisa. S288C, aina inayotumika sana maabara na ndiyo iliyosomwa mwaka 1996, haichachushi maltosi. Hamira za mikate zimechaguliwa kwa miaka mingi ili ziwahi kuwasha MAL, lakini si zote zinazowahi sawa, na pakiti haikuambii.

Ufanyeje? Usiku changanya sehemu ya unga, labda theluthi, na maji na hamira kidogo sana, bila sukari. Asubuhi hamira iliyomo itakuwa imeshamaliza sukari huru na imeshawasha MAL. Ikandie unga uliobaki. Ila usimwage sukari nyingi juu yake ukidhani unaiongezea nguvu, kwa sababu glukosi hufanya zaidi ya kuzima jeni: seli huziondoa kwenye utando protini za kupitisha maltosi na kuzivunja, na kazi ya usiku kucha inapotea. Unaweza pia kutia unga kidogo wa kimea cha ulezi, kilekile cha pombe ya komoni. Kimea kina vimeng'enya vingi vya kukata wanga, hivyo maltosi itaongezeka. Kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya unga kinatosha kwa kuanzia. Ukizidisha, ndani ya mkate patanata. Tena kwa baridi ya Juni na Julai huko kwenu, maji yawe ya uvuguvugu, kwa sababu shughuli zote hizi za vimeng'enya hupungua kasi kwenye ubaridi.

Maandazi yana shida nyingine. Sukari iliyoyeyuka huvuta maji, na ikiwa nyingi nje ya seli, maji hutoka ndani ya hamira na seli husinyaa. Kinachoongeza uzito wa jambo ni ile invatesi: molekuli moja ya sukrosi ikikatwa zinakuwa mbili, na mvuto wa maji huongezeka, kwa sababu unafuata hesabu ya molekuli kuliko uzito wake. Hamira hujikinga kwa kuwasha mfumo wa Hog1, ambao huamsha jeni GPD1 ili seli itengeneze gliseroli na kuitunza ndani irudishe maji. Sukari inayotumika kwa gliseroli haitoi gesi, na muda unaotumika kuunda kinga hiyo ni muda ambao unga haukui. Sukari ikizidi takribani gramu 100 kwa kilo ya unga utaanza kuiona tofauti, na kadiri unavyoongeza ndivyo utakavyosubiri. Zipo hamira zinazotengenezwa kwa ajili ya vinyunya vitamu, na kati ya sifa zake ni invatesi ndogo, jambo linaloeleweka ukishajua hesabu hiyo ya molekuli. Usipoipata, kanda kwanza kwa nusu ya sukari, acha unga uanze kuumuka, kisha kandia iliyobaki. Au ongeza hamira na uvumilie. Mimi ningeanza na ile njia ya nusu.

Kuhusu maziwa, hukukosea kuona. Sukari yake ni laktosi, glukosi na galaktosi zilizoshikana, na S. cerevisiae hana jeni ya kuipitisha wala ya kuikata. Si kwamba zimezimwa, hazipo. Chachu nyingine, Kluyveromyces lactis, anazo zote mbili, LAC12 ya kupitisha na LAC4 ya kukata, na anastawi kwenye maziwa. Maziwa yatakupa mkate laini na rangi nzuri ya ganda, kwa kuwa laktosi inabaki bila kuliwa na kuungua taratibu jikoni.

Ukitumia mtindi hali inabadilika kidogo. Baadhi ya bakteria wa maziwa ya mgando hukata laktosi, hutumia glukosi na kuacha galaktosi, na galaktosi hamira inaiweza. Jeni zake, za GAL, nadhani ndizo zilizowafundisha wanabiolojia mengi kuliko zote nilizozitaja. Protini Gal4 hukaa kwenye DNA tayari kuwasha, lakini Gal80 imeishika isifanye kazi. Galaktosi ikiingia, hushikwa na Gal3, na Gal3 iliyobeba galaktosi huivuta Gal80 pembeni. Gal4 ikiwa huru, jeni kama GAL1, ambayo ilikuwa karibu kimya kabisa, huanza kunakiliwa mara mamia hadi elfu moja zaidi ya awali. Sharti ni lilelile: glukosi iwe imekwisha, kwa kuwa Mig1 huzuia hapa pia. Ndani yetu tuna jeni inayolingana na GAL7 ya hamira. Mtoto akizaliwa nakala zake zote mbili zimeharibika, hupata galaktosemia, na maziwa ya mama yanaweza kumdhuru vibaya asipogunduliwa mapema.

Sasa ulanzi wa shemeji. Mgema anapokata ncha ya mwanzi mchanga na kutega mbeta, chombo cha kukingia, utomvu mtamu unaodondoka hukutana na chachu zilizobaki ndani ya mbeta kutoka jana, na nyingine zinazoletwa na wadudu. Ukinywewa mapema ni mtogwa. Ukikaa unakuwa mkangafu. Wengi hudhani kileo hutokea kwa sababu hewa imekosekana. Kwa hamira hii si lazima. Ikiwa na sukari nyingi, hutengeneza kileo hata kwenye mbeta iliyo wazi, kwa sababu glukosi huzima pia jeni nyingi za kupumua kwa oksijeni. Tabia hii inaitwa athari ya Crabtree, kwa jina la Herbert Crabtree, ambaye mwaka 1929 aliandika kuhusu jambo la aina hiyo kwenye seli za uvimbe wa saratani.

Ukihesabu nishati utaona kama upotevu mkubwa: kuchachusha glukosi moja kunaipa seli ATP (molekuli za kubebea nishati) mbili tu, na kupumua kungeipa nyingi zaidi mara kadhaa. Lakini nishati iliyobaki haipotei, imo ndani ya kileo. Kwenye kila gramu 180 za glukosi, ikizichachusha zote, hupatikana gramu 92 za kileo na 88 za kaboni dioksaidi. Kileo hicho huwaumiza washindani wake, na sukari ikiisha hamira hugeuka na kukila. Jeni ADH1 hutengeneza kimeng'enya kinachofaa zaidi kuunda kileo, na ADH2 hutengeneza cha kukirudisha nyuma kiwe chakula. ADH2 nayo huzimwa na glukosi, kwa hiyo kazi hizo mbili hazigongani. Jeni hizi mbili zimetokana na moja ya kale iliyorudufiwa. Na mababu wa hamira walirudufisha kromosomu zao zote takribani miaka milioni 100 iliyopita. Kenneth Wolfe na Denis Shields walionyesha dalili zake mwaka 1997. Baadhi ya nakala zilizosalia kutokana na tukio hilo, zikiwemo za HXT, zinahusika na kuchachusha kwa kasi.

Pombe zetu za nafaka zina historia yao humu. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza chachu aliyoipata kwenye pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Ni ndugu wa mbali sana wa hamira ya mkate, hugawanyika katikati badala ya kuchipua, na hawezi kukua kwa kileo peke yake kama chakula. Kwa chachu huyo Paul Nurse alichunguza jinsi seli zinavyogawanyika, akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Dada zangu wa Rungwe wanaopika kimpumu wana haki ya kujua kwamba biolojia ya dunia nzima ina deni kwa vyungu vya ukanda huu.

Je, ulanzi utaumua mkate? Utaumua. Chachu zake zimezoea sukari rahisi za utomvu, kwa hiyo zitaanza vizuri, ila uwezo wake wa maltosi hutofautiana kutoka mbeta hadi mbeta kwa sababu ya zile jeni za MAL zinazopotea kirahisi. Pia kuna bakteria wa uchachu ndani yake, nao watakupa mkate wenye ukali. Chukua ulanzi unaotoa povu kwa nguvu, usiwe mtogwa wa asubuhi wala uliokwisha kuelekea siki. Uchanganye na unga, na kila siku tupa nusu ya mchanganyiko na kuulisha unga na maji mapya, siku kadhaa mfululizo. Kila mara unapolisha kwa unga peke yake, chachu zinazowahi maltosi huongezeka kuliko nyingine, na unakuwa umezichagua mwenyewe bila maabara.

Kama unataka kuijua hamira unayonunua, chukua chupa tatu ndogo za maji na maputo matatu. Ya kwanza itie maji ya uvuguvugu na kijiko cha sukari. Ya pili itie maji yaliyochujwa ya uji wa kimea cha ulezi: changanya kimea na uji wa moto usiochemka, uache mpaka uwe mtamu, uchemshe ili vimeng'enya vife, upoe, kisha uchuje. Ya tatu itie maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Kila moja itie hamira kipimo kilekile, ivishe puto, na uziweke pamoja karibu na jiko. Ya sukari itawahi. Ya maziwa itatoa povu dogo, kwa sababu hamira kavu hubeba akiba yake ya sukari iitwayo trehalosi, kisha itatulia. Ya kimea ndiyo ya kuangalia. Puto likianza kujaa muda mfupi baada ya la sukari, hamira hiyo inawahi kuwasha MAL na itakufaa kwa mkate. Likikaa limelegea mpaka jioni, iweke kwa ajili ya maandazi na utafute nyingine ya mkate.